Ujiji ikigeuzwa eneo la biashara, wenyeji watabaki wapi?

MwanaRubuga

Wakuu, habari zenu.

Ukoo wetu una nyumba Ujiji, mji wa zamani jirani na Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Ni nyumba ya Kiswahili kama mnavyozijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, choo na muembe. Aliijenga babu, na tangu afariki mirathi haijafunguliwa. Shangazi anakaa chumba cha mbele, vyumba vingine wamo wapangaji, na kodi yao ndiyo inayomlisha. Sasa amekuja mnunuzi. Nyumba haitaki, anataka kiwanja. Anasema reli ya SGR ikifika, Ujiji itabadilishwa matumizi iwe ya biashara na ghorofa, kwa hiyo tuuze mapema kabla hatujaambiwa tujenge tusichokiweza. Baadhi ya ndugu wameanza kulainika.

Mnunuzi simlaumu, ana hesabu zake. Ninachotaka tukijadili ni hili la mji wa zamani kubadilishiwa matumizi na linavyowafanya watu wake.

Ujiji ilishawahi kupangiwa na watu wa mbali. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta tayari ni kituo cha misafara: pembe, chumvi ya Uvinza, nguo na shanga, na watumwa pia, tusilifiche. Livingstone na Stanley walikutana hapo Novemba 1871. Kisha wakaja Wajerumani na reli yao. Walitaka ghuba yenye kina cha kuegesha meli, wakaipata Kigoma, na Reli ya Kati ikaishia huko Februari 1914. Stesheni, bandari na ofisi vyote vikajengwa Kigoma. Hakuna askari aliyetumwa Ujiji kumtoa mtu nyumbani kwake. Mzigo uliacha kupita, mwenye mtaji akaufuata mzigo, na waliobaki ni wale wenye nyumba, misikiti na makaburi ya wazee wao.

Ndiyo maana naogopa tunapoambiwa "msiwe na wasiwasi, hakuna bomoabomoa." Kiwanja kikishapakwa rangi ya biashara kwenye mchoro, bei yake inapanda na thamani ya nyumba iliyo juu yake inakuwa kama haipo. Kodi ya pango la ardhi nayo inapanda, kwa sababu hutozwa kwa kuangalia matumizi na ukubwa wa kiwanja. Ukitaka kubomoa ukuta wa tope ujenge upya, kibali kitafuata masharti mapya. Mwenye hati safi na akiba atafaidika sana, hilo nalikubali. Ila Ujiji nyumba nyingi ni za warithi saba, kumi, kumi na tano, wengine wako Dar, wengine Kalemie na Bujumbura, na karatasi bado ina jina la marehemu. Mrithi mmoja akidai chake, njia pekee ya kumlipa ni kuuza.

Kwangu mimi hapo ndipo mji unapotoka mikononi mwa watu wake: mezani kwa ukoo ambao haujamaliza mirathi.

Naomba michango, hasa ya waliopitia haya kwingine.

Kilaza_Mwema

Uzi mzuri. Naweka kambi.

Kijana_wa_Mwanga

Mkuu, nakuheshimu lakini naomba nikupinge. Ujiji imekaa nyuma kwa miaka mingi na sisi vijana tumechoka kusikia habari za Livingstone. Mgeni akija kuona jumba la kumbukumbu, kulala anarudi Kigoma, kula anarudi Kigoma, hela yake inabaki Kigoma. Barabara za ndani mvua ikinyesha hazipitiki. Mkataba wa SGR kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Reli ikifika na Ujiji bado imeandikwa makazi tu, hoteli na maghala vyote vitakwenda upande wa pili kama ilivyokuwa 1914. Wewe mwenyewe umeeleza kilichotokea. Safari ile Ujiji iliachwa nje ya mchoro. Safari hii unataka tujitoe wenyewe?

MwanaRubuga

Kijana, hoja yako ina uzito na sikatai biashara Ujiji. Ninachouliza ni itakuwa ya nani. Hoteli ikijengwa pale shangazi alipokuwa akikaa, na yeye amehamia kiwanja cha pembeni kisicho na maji, Ujiji ya kwenye ramani itakuwa imeendelea. Yeye je?

Mzawa_wa_Kariakoo

Naomba niseme maana mimi nimezaliwa ndani ya haya.

Wengi mnaijua Kariakoo ya maghorofa. Mimi nimekulia Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, mitaa iliyonyooka waliyoichora Wajerumani kwa ajili ya Waafrika. Dar ilianza kugawanywa kwa aina ya ujenzi tangu kanuni za majengo za 1891: nyumba za mawe kule, za udongo na makuti huku. Hawakuandika rangi ya mtu, waliandika aina ya ukuta, na matokeo yakawa yale yale. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini zikatoka humo.

Kisha ukaja mpango wa uendelezaji upya wa Kariakoo wa 2002. Nia haikuwa mbaya: eneo liko katikati ya jiji, ardhi ni ghali, kwa nini kuwe na nyumba za chini? Ghorofa zikaruhusiwa. Na kweli, ndani ya miaka michache mitaa ikageuka.

Sasa sikilizeni jinsi watu walivyotoka. Walitoka kwa njia mbili kubwa. Kwanza, kuuza moja kwa moja. Familia inapewa fedha ambayo haijawahi kuiona, inagawana, kila mmoja anakwenda kununua kiwanja Mbagala, Chanika, Kivule. Baada ya muda fedha imekwisha na nauli ya kuja mjini kila siku inaanza kuuma. Pili, ubia. Wewe unatoa kiwanja, mwekezaji anajenga, mnagawana fremu na fleti kwa makubaliano. Hii ya pili iliwasaidia waliokuwa na mambo mawili: hati yenye jina la mtu aliye hai, na wakili aliyekaa upande wao. Wasiokuwa navyo walisaini karatasi wasizozielewa, na wengine kesi zao zilidumu kuliko ujenzi wenyewe.

Kuna jambo jingine halisemwi vya kutosha. Mpango uliruhusu majengo kwenda juu, lakini viwanja vilibaki vile vile vidogo na vichochoro vile vile. Maji taka ya watu wanane yakawa ya mamia. Maegesho hakuna. Gari la zimamoto linapita kwa taabu. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakafa chini ya kifusi. Sisemi mpango ndio ulioliangusha. Nasema ukiruhusu urefu bila kusimamia msingi, ukaguzi na mfereji, umeruhusu nusu ya mji.

Kijana wa Mwanga, hoteli utaipata. Lazimisheni mfereji uje kabla yake.

Mchora_Ramani

Nimestaafu kazi ya mipango miji, halmashauri niliyofanyia sitaitaja. Nisaidie pale ninapoweza, maana naona mambo mawili yanachanganywa.

Serikali ikiitaka ardhi yako kwa kazi ya umma, reli au bandari kwa mfano, inaitwaa kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, na lazima ulipwe fidia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Ndani yake kuna thamani ya ardhi na jengo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, posho ya makazi, na faida iliyopotea kama ulikuwa na biashara. Kanuni za 2001 zinafafanua: posho ya makazi ni kodi ya mwezi kwa bei ya soko mara miezi 36, na usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 ndani ya kilomita 20. Malipo yakichelewa kuna riba. Jueni hizi namba, wathamini wakija msiwe wageni.

Lakini mpango ukibadilisha matumizi tu, hakuna utwaaji. Ardhi bado ni yako, hakuna anayekudai uondoke, kwa hiyo hakuna fidia. Kinachokuondoa ni bei na masharti. Watu wa Ujiji wakisikia "mpango mpya" wanasubiri wathamini na kitabu cha fidia, na wathamini hawaji. Anakuja mnunuzi.

Kwa hiyo penye nguvu yenu ni kwenye mpango wenyewe, kabla haujaidhinishwa. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, na inataka rasimu ioneshwe kwa wananchi na maoni yapokelewe. Kuna mpango kabambe unaohusu mji mzima, na kuna mpango kina unaoshuka hadi mtaa na kiwanja. Watu huenda kwenye mkutano wa mpango kabambe, wakaona rangi kubwa kubwa, wakapiga makofi. Ugomvi wa kweli uko kwenye mpango kina: ghorofa ngapi, kiwanja kisipungue mita ngapi za mraba, nyumba iliyopo inaruhusiwa kukarabatiwa ilivyo au lazima ijengwe upya, kichochoro kinabaki au kinamezwa. Kiwango cha chini cha kiwanja kikiandikwa kikubwa kuliko viwanja vyenu, mmeshalazimishwa kuungana au kuuza, hata kama neno "kuuza" halimo popote.

Nimekaa kwenye mikutano ambayo kila aliyesimama alizungumzia taa za barabarani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ukubwa wa kiwanja.

Bint_Kasingirima

Shikamoo mzee Mchora Ramani, ahsante sana kwa darasa.

Ila wote mnazungumza kama wenye nyumba. Mimi ni mpangaji. Nimepanga chumba Ujiji, uani nakaanga na kuuza, mawese nayachukua kwa wanaoleta kutoka vijijini. Wapangaji wenzangu ni vibarua, walimu wapya, wamama wanaofanya kazi mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga. Jengo si langu, kwa hiyo mthamini hata akija hana cha kunithaminia. Nyumba ikiuzwa napewa notisi kama nina bahati. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na kwenye nyumba nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa hiyo kodi ya jengo nalipa mimi, lakini kwenye kikao cha jengo sina kiti.

Fleti mpya ikijengwa haitakuwa na chumba kimoja cha kupangisha kwa bei ninayoiweza, wala uani. Watu wanaona uani ni uchafu na moshi. Kwa wanawake wengi wa Ujiji uani ndiyo sehemu ya kazi: pale mawese yanachemka, vitumbua vinakaangwa, mtoto wa jirani anaangaliwa na yeyote aliyepo. Naomba atakayekwenda kwenye huo mkutano wa mpango kina aulize vyumba vya kupanga vitakuwa wapi.

Na wanaume mliooa kumbukeni, nyumba ya ndoa huiuzi bila ridhaa ya mkeo. Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema.

Mzee_wa_Mwaloni

Binti kasema kweli. Mimi naongeza la ziwani.

Pale kwenye mnara wa Livingstone leo ukisimama, maji huyaoni karibu. Wakati wao ziwa lilikuwa juu. Mwaka 1878 Mto Lukuga upande wa Kongo ulizibua kizibo chake na ziwa likashuka kama mita 10 katika miaka iliyofuata. Ardhi ikatoka majini, watu wakalima, wakajenga, wakaanikia dagaa. Miaka hii maji yamepanda tena na wenzetu wa Kibirizi wanajua walichopoteza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ukingo wenyewe unatembea.

Sasa mpango ukiupaka ufuo rangi ya utalii, mvuvi atasogezwa kwa sababu ya mita 60, halafu baada ya muda utaona uzio na viti vya kupumzikia pale pale. Tumeona kwenye maziwa mengine. Mwalo unahitaji mchanga wa kuanikia, njia ya kupitisha mitumbwi, na mahali pa kuuzia alfajiri. Mpango usipouandika mwalo kwa jina, haupo.

Unyanyembe_1

Salamu kutoka Tabora wakuu. Sisi reli ilitufikia 1912 na haikutupita pembeni, ilitua mjini. Ndiyo maana mji wa zamani wa Tabora ulichanganyikana na mji wa reli, na leo ukiniuliza Kazeh, yaani Tabora ya enzi za misafara, iko wapi nitakuonesha mitaa tu, majengo hakuna. Tembe la Kwihara alipokaa Livingstone limebaki kwa sababu liko nje ya mji na likafanywa makumbusho.

Nawapa tahadhari kuhusu sheria ya mambo ya kale. Ile ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baada ya hapo yanahitaji tamko la waziri. Nyumba za Ujiji ni za tope na miti, kila kizazi kimekandika upya, nani atathibitisha ukuta ni wa 1860? Kwa hiyo msidhani kwa kuwa Ujiji ni ya kihistoria basi nyumba zenu zinalindwa. Linalolindwa ni eneo la mnara. Mkitaka mitaa ilindwe, iombeeni itangazwe eneo la hifadhi.

Kijana_wa_Mwanga

Hapo ndipo ninapopaogopa. Ikitangazwa hifadhi, hata bati sitabadilisha bila kibali.

MwanaRubuga

Wote nimewasoma, nawashukuru kwa dhati.

Kijana, hofu yako kuhusu hifadhi naielewa na naikubali kwa sehemu. Tazama Mji Mkongwe wa Zanzibar. Una mamlaka yake tangu 1985, uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, milango na kuta zimetunzwa kuliko mji wowote wetu. Lakini nyumba ngapi zimekuwa hoteli na maduka ya zawadi? Ukuta umebaki, familia imehamia nje. Kwa upande wa pili kuna Magomeni Kota pale Dar. Wale wakazi walihamishwa, wakangoja kwa miaka, lakini walikuwa wameorodheshwa kwa kaya, 644, na fleti zilipozinduliwa Machi 2022 orodha ndiyo iliyowarudisha. Kusubiri kuliwaumiza, sitaki tujifanye hakukuwa na mateso. Ila walirudi kwa sababu majina yao yaliandikwa kabla jengo la zamani halijaanguka.

Kwa hiyo sioni kwamba Ujiji ichague kati ya ghorofa na tope. Ghorofa mbili tatu kwenye barabara kuu hazitaiua. Kinachoiua ni mpango kutufikia tukiwa hatujulikani: mwenye nyumba ni marehemu, mpangaji hana jina, mwalo hauna jina. Nitaomba serikali ya mtaa iitishe mkutano tutengeneze daftari letu wenyewe, nyumba kwa nyumba, nani anakaa, nani anamiliki, nani anapanga, kaburi liko wapi. Makaburi yana sheria yake ya 1969, hayahamishwi kienyeji, na Ujiji yako mengi nyuma ya nyumba na kando ya misikiti.

Kwa upande wa ukoo wetu, nimewaambia ndugu hatuuzi mpaka mirathi ifunguliwe. Baada ya hapo wakitaka kuuza wote kwa moyo mmoja, nitasaini.

Bint_Kasingirima

Kwenye daftari hilo mimi niandike wa kwanza. Na niko tayari kuzunguka na wewe, wamama watanifungulia milango.

Mtumishi_Nguruka

Wakuu naomba kuuliza kabla uzi haujaenda mbali. Sisi pia babu amefariki zamani, nyumba iko Ujiji, mirathi bado. Je, tumechelewa? Na tunaanzia wapi, maana kila mtu anatutajia wakili wa bei kubwa.

Mchora_Ramani

Mtumishi, mirathi ya muda mrefu bado inafunguliwa, ila mtaulizwa sababu ya kuchelewa, iandikeni kweli. Anzeni na kikao cha ukoo, muandike muhtasari unaomteua msimamizi, wahudhuriaji wote wasaini, na wale walio mbali watume ridhaa yao kwa maandishi. Chukueni cheti cha kifo. Kisha nendeni Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu. Mahakama hiyo inasikiliza mirathi ya Kiislamu na ya kimila, na wakili si lazima. Itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kurudisha orodha ya mali, fomu namba 5, halafu mgawanyo, fomu namba 6.

Mteueni mtu anayekaa Kigoma, siyo anayeonekana ana kisomo zaidi akiwa Dar. Barua za halmashauri zitamfikia yeye, na mikutano ya mpango ni yeye atakayehudhuria. Mkishapata hati ya usimamizi, pelekeni nakala idara ya ardhi ya manispaa mkabadilishe jina kwenye jalada la kiwanja. Wengi huishia mahakamani wakidhani wamemaliza, na jalada linabaki na jina la marehemu.

MwanaRubuga

Ahsante sana mzee wangu. Kikao chetu ni wiki ijayo, na huo muhtasari nitauandika mimi. Mtumishi, nitumie ujumbe, tuanze pamoja.